Protini inatoka kiduchu? Angalia introni kwanza: jinsi ya kuiweka na kuipima

Wiki tatu nzima nilihangaika na jeni moja kwenye seli za HEK293 (seli za figo ya binadamu zinazokuzwa maabara). Plazmidi safi (ile duara ndogo ya DNA inayobeba jeni), transfeksheni, yaani kuiingiza kwenye seli, imekubali maana ile GFP ya pembeni, protini inayong'aa kijani, ilikuwa inawaka kama taa za harusi, lakini protini yangu kwenye westeni (kipimo kinachoonyesha protini kama mistari kwenye membreni) ni kamstari kamoja kafifu ambako ukikakodolea sana unaweza kusema ni uchafu wa membreni. Nikabadilisha promota (swichi ya DNA inayoanzisha kusomwa kwa jeni), nikaongeza DNA, nikabadilisha mpaka dawa ya kuingizia, wapi. Dada mmoja aliyenitangulia pale maabara akaja akaangalia ramani ya plazmidi yangu kama dakika moja hivi, akauliza tu, "Na introni iko wapi?" Introni ni kipande cha jeni kinachokatwa kwenye RNA, hakibaki kwenye ujumbe wa mwisho (mRNA), na cDNA ni nakala ya DNA ya ujumbe huo uliokwisha kukatwa. Nikamjibu kwa kujiamini kabisa kwamba hii ni cDNA dada, introni ya nini tena, si zinatupwaga? Akacheka, akaenda zake kunywa chai.

Sasa huu mwongozo ni wa mtu aliyeko pale nilipokuwa mimi. Una cDNA yako, una seli za mamalia, HEK, CHO, HeLa, zozote, unataka protini ya maana, na chuo ulifundishwa kwamba introni ni takataka zinazokatwa na kutupwa. Ni kweli zinakatwa na zinatupwa. Ila kule kukatwa kwenyewe ndo kunaiachia mRNA faida, na usipolijua hilo utabadilisha promota mpaka uote mvi. (Na ile GFP ndo iliyonidanganya, kwa sababu nayo haina introni na bado inawaka vizuri, nikadhani basi jeni zote ziko hivo. Haziko hivo, kuna cDNA zinazovumilia kukosa introni na kuna zinazogoma kabisa.)

Historia kidogo tu halafu tuingie kazini. Introni zilionekana 1977 kwenye adenovirusi, kundi la Phillip Sharp na la Richard Roberts, wakapewa Nobel 1993, na jina lenyewe introni alilitoa Walter Gilbert 1978. Watu wengi wanaishia hapo. Kinachonichekesha ni kwamba 1979, miaka 2 tu baadae, kuna watu walishaondoa introni kwenye jeni za virusi vya SV40 wakakuta RNA imara haipatikani. Yaani dalili ilikuwepo toka mwanzo kabisa, vitabu ndo viliendelea kuandika takataka takataka. Halafu 1988 wakaja Buchman na Berg wakaonyesha kwa beta-globini ya sungura kwamba kuwa na introni na kutokuwa nayo kunaweza kuleta tofauti ya kufikia mara 400. Mwaka huo huo Brinster na wenzake wakajaribu kwenye panya waliopandikizwa jeni, wakapata mRNA mara 10 hadi 100 zaidi kwenye jeni zenye introni, lakini, na hapa shika vizuri, plazmidi hizo hizo zilipowekwa kwenye seli za kwenye sahani tofauti haikuonekana. Tutalirudia hili mbele maana ndo linalowafanya watu wengi wakate tamaa mapema.

Inafanyaje kazi?

Mfikirie fundi cherehani. Kitambaa kimekuja kirefu, anakata kipande cha katikati anatupa, anaunga ncha mbili, na pale alipounga unabaki mshono. Kwenye seli fundi ni splaisosomu, na mshono wake sio uzi mtupu, anaacha kikundi cha protini kimekaa juu ya mRNA, besi 20 hadi 24 hivi kabla ya pale palipoungwa, kinaitwa EJC. Hicho kikundi kinatembea na mRNA kutoka kwenye kiini mpaka saitoplazimu na raibosomu inakikuta hapo hapo. Sasa mRNA yenye mshono inahudumiwa tofauti na isiyo nao: mitambo ya kuitoa nje ya kiini inaipokea kirahisi, na ikifika nje inasomwa vizuri zaidi. Maabara ya Melissa Moore 2003 na 2004 walipima hili kwenye seli za mamalia na wakaona sio tu kwamba mRNA inaongezeka, kila mRNA moja moja inatoa protini nyingi kuliko pacha wake ambaye hakupitia kwa fundi, japo mfuatano wao ukishakamilika unafanana herufi kwa herufi. Mimi hiyo ilinichukua muda kuikubali. Mbili zinafanana kila kitu, moja imeshonwa nyingine imezaliwa nzima, na iliyoshonwa ndo inashinda.

Kuna mengine yanatokea hata kabla ya kushona. RNA ikiwa bado inaandikwa, U1, ambaye ni mmoja wa wasaidizi wa splaisosomu, anakuja kukaa pale introni inapoanza. Akikaa karibu na promota anasaidia unukuzi uanze tena na tena, na pia anazuia RNA isikatwe mapema kwenye alama za polyA (zinazoamuru RNA ikatwe na kuwekewa mkia) zilizojificha ndani, hili la mwisho lilionyeshwa 2010. Na upande wa mkiani, introni ya mwisho inasaidia mkia ukatwe na kufungwa vizuri. Beta-globini ya binadamu ukiiondolea introni yake ya pili inachemka vibaya sana hapo hapo kwenye mkia.

Halafu kuna kesi tofauti ambayo watu wanaichanganya na hii. Introni nyingine zina enhansa ndani yake, yaani DNA yenyewe inavuta unukuzi hata bila kukatwa. Enhansa ya kwanza kupatikana kwenye jeni za seli zenyewe badala ya virusi, 1983, ilikuwa ndani ya introni ya jeni la kingamwili. Kwa hiyo mtu akikwambia "introni yangu imeongeza mara 5" muulize ni splaisi (kule kukata na kuunga) au ni enhansa? Jinsi ya kujua nitakuonyesha kwenye kupima.

Anza kwa kusoma ramani ya plazmidi yako

Usinunue kitu bado. Fungua ramani, angalia kati ya promota na ATG yako (herufi zinazoanzisha protini) kuna nini. Kama unatumia pcDNA3.1, ambayo iko kila friza duniani nadhani, hapo hamna introni. Kama ni pCI, ipo tayari, ile wanaiita introni chotara ya besi 133, mwanzo wake umetoka kwenye beta-globini ya binadamu na mwisho wake kwenye jeni la kingamwili. Kama promota yako ni CAG una introni kubwa ya kama besi 1000 imekaa humo humo, ukisema "promota ya CAG ina nguvu" kiukweli unasifia promota na introni kwa pamoja. Promota ya EF1α ndo yenye mtego: toleo refu la besi karibu 1200 lina introni, toleo fupi la EFS la besi 250 hivi halina, na watu wanaandika "EF1α" tu kwenye daftari bila kusema ipi. Ukikuta matokeo yako na ya mwenzako hayafanani wakati wote mmeandika EF1α, anzia hapo.

Kingine uangalie ni baada ya stopu, zile herufi tatu zinazomaliza protini. Plazmidi za zamani zina introni ndogo ya SV40, ile ya t ndogo yenye besi 66, wameiweka nyuma ya jeni kabla ya polyA. Hiyo ni kimeo. 1990 Huang na Gorman walionyesha kwamba sehemu yake ya kupokelea inaweza kujiunga na sehemu fulani ndani ya jeni lako inayofanana na mwanzo wa introni, kipande cha jeni kinakatwa kinaondoka. Unabaki unashangaa protini imekuwa fupi.

Kuchagua na kuiweka

Kwa mtu anayeanza mimi nasema chukua ile chotara ya besi 133, fupi, imezoeleka, inaagizika kama kipande cha DNA cha kawaida. Ukiwa huna nafasi kabisa, mfano unafunga kwenye AAV, kirusi kidogo cha kubebea jeni, ambayo mwisho wake ni besi kama 4700 kila kitu ndani, tumia ile ya virusi vya panya MVM, haifiki besi 100. Ukiwa na nafasi ya kumwaga na unataka laini ya kudumu (seli ambazo jeni limeshakaa kwenye kromosomu zao), CAG au EF1α ndefu.

Mahali pa kuiweka: kabla ya ATG, kwenye UTR ya mbele, ile sehemu ya mRNA isiyotafsiriwa kuwa protini. Usifikirie sana. Karibu na promota ndo inafanya kazi vizuri, na ukiiweka mbele unapunguza uwezekano wa ile sehemu ya kupokelea kwenda kudaka kitu ndani ya jeni lako, maana jeni liko nyuma yake. Cha kuangalia ni eksoni ya kwanza (kipande kinachobaki, kilicho kabla ya introni) isiwe fupi mno, nishasema EJC inakaa besi 20 hadi 24 kabla ya mshono, sasa ukiacha besi 15 tu kati ya mwanzo wa mRNA na introni itakaa wapi? Acha hata 50 na zaidi.

Ukilazimika kuiweka ndani ya jeni lenyewe basi tafuta mahali pameandikwa CAGG au AAGG. Tuseme una kodoni mbili (herufi tatu tatu) zimefuatana CAG GAG. Unachana kati ya G na G, unaingiza introni inayoanza GTAAGT na kuishia na mfululizo wa T na C halafu CAG, hivi:

CAG|GTAAGT.........CTAAC.......TTTCTTTTCTTCCAG|GAG

Splaisosomu ikikata kwenye hizo alama mbili za wima inabaki CAG GAG kama ulivyoikuta, asidi amino hazijaguswa. Ile A kwenye CTAAC, A ya pili yake, ndo tawi, kaa nayo besi 18 hadi 40 kabla ya AG ya mwisho, na katikati ya tawi na mwisho usiache AG nyingine yoyote imezubaa, itakamatwa hiyo badala ya yako. Introni nzima isipungue besi 80 hivi, kama hujui sana cheza 100 hadi 150.

Ukimaliza kuchora kwenye kompyuta pitisha mfuatano wote, sio introni peke yake, wote kuanzia promota mpaka polyA, kwenye programu ya kutabiri splaisi kama SpliceAI au MaxEntScan. Hasa kama jeni lako lilibadilishwa kodoni na kampuni, kwa sababu kule kubadilisha kodoni kunaweza kuzalisha GT na AG zenye sura nzuri mahali ambapo hazikuwepo, na kampuni wanakuhakikishia asidi amino tu, splaisi ni juu yako.

Kupima, na hapa usifanye kibahili

Tengeneza plazmidi tatu. Moja bila introni, moja yenye introni, na moja yenye introni maiti, yaani ile ile lakini umeharibu GT ya mwanzo na AG ya mwisho isikatike. Hii ya tatu watu wanairuka ili kuokoa hela na ndo yenye jibu la lile swali la enhansa: kama maiti nayo inaongeza protini, basi ni DNA inayofanya kazi, sio splaisi. Ila angalia kwanza kama ndani ya introni kuna ATG, maana kwenye maiti introni inabaki ndani ya mRNA na raibosomu itaanzia kwenye ATG ya uongo, protini itashuka kwa sababu isiyohusiana na unachopima.

Baada ya saa 48 chukua RNA, itibu na DNase (enzaimu inayokula DNA), tengeneza cDNA, fanya PCR na praima moja kabla ya introni na nyingine ndani ya jeni. Kwangu ilikuwa hivi: iliyokatwa ilitakiwa itoke besi 180, isiyokatwa 180 jumlisha 133, yaani 313. Nikaweka kwenye jeli, nikaona bendi mbili, zote nono. Nikasikitika nikajua nusu ya RNA yangu haikatwi, nikaanza kupanga jinsi ya kubadilisha tawi. Dada yule yule akauliza, "Ile bila riveszi umeiweka?" Sikuiweka. Nikarudia na sampuli isiyo na enzaimu ya kugeuza RNA kuwa cDNA, na bendi ya 313 ikawa ipo vile vile, imeng'ang'ania. Ilikuwa plazmidi tu, mabilioni ya plazmidi uliyoimwaga mwenyewe juzi kwenye seli, DNase moja haiitoshi. Nikatibu mara mbili ikatoweka ikabaki 180 peke yake safi kabisa. Siku mbili nimeshalala nikiwaza tatizo ambalo halipo.

Ile bendi ndogo ikate uipeleke ikasomwe mfuatano, usiamini ukubwa tu, maana kukosea besi 4 kwenye mshono hakuonekani kwenye jeli ila kama introni iko ndani ya jeni fremu, yaani mpangilio wa kusoma herufi tatu tatu, inakufa. Ukiona bendi ya tatu ambayo hukuitegemea hiyo ni splaisi ya wizi, isome nayo uone imekatia wapi kisha badilisha ile GT kwa kodoni nyingine yenye maana ile ile. Kwa qPCR (PCR ya kupima kiasi) weka praima moja ikalie mshono wenyewe, nusu huku nusu kule, plazmidi haitaisumbua.

Ukitumia lusiferezi mbili (enzaimu zinazotoa mwanga, ya pili ikiwa ya kulinganishia) kusawazisha, ujue zile plazmidi za Renilla za familia ya pRL nyingi zinakuja na introni chotara tayari. Sio mbaya, ila kama ulikuwa unalinganisha nguvu ya promota yako isiyo na introni na Renilla yenye introni, hapo ulikuwa unalinganisha vitu viwili kwa mpigo.

Sasa lile la Brinster. Ukijaribu kwenye transfeksheni ya siku mbili ukaona ongezeko la mara 2, au hamna kitu kabisa, usiitupe plazmidi. Seli ya HEK iliyomwagiwa maelfu ya nakala chini ya promota ya CMV inaandika RNA kwa fujo kiasi kwamba msaada wa introni unamezwa. Tengeneza laini ya kudumu, jeni likiwa limekaa kwenye kromosomu nakala moja mbili, ndo upime tena. Tofauti kubwa mara nyingi inatokea huko, na wanaofanya kazi na CHO wanalijua hili.

Makosa ambayo yatakupotezea mwezi

La kwanza ni kuweka introni nyuma ya stopu kodoni. Seli ina polisi wanaoitwa NMD, na sheria yao ni rahisi: raibosomu ikisimama kwenye stopu na mbele yake zaidi ya besi 50 hadi 55 bado kuna mshono, wanahesabu kwamba stopu hiyo imekuja mapema, mRNA ni mbovu, inateketezwa. Stopu yako ni halali kabisa lakini wao hawajui, wanaangalia mshono uko wapi. Kuna jeni chache za asili zinazotumia hili makusudi, Arc ya kwenye ubongo ina introni mbili nyuma ya stopu na ndo inavyojizuia isizidi, ila wewe unataka protini, sio kujizuia. Ukishuku NMD wape seli saikloheksimaidi masaa machache, mRNA ikipanda ghafla umewakamata.

La pili ni lentivirusi, virusi vya kubebea jeni mpaka kwenye kromosomu. Jenomu ya lentivirusi ni RNA, na RNA hiyo inaandikwa ndani ya kiini cha seli inayofunga virusi, kwa hiyo fundi cherehani yupo pale pale na anaweza kuikata introni yako kabla haijafungwa. Unapeleka kwa seli virusi ambavyo introni ilishabaki nyuma. Njia iliyozoeleka ni kugeuza kaseti nzima, promota na jeni na introni vielekee kinyume na virusi, hapo kwa upande wa jenomu GT na AG hazisomeki. Ndo walivyofanya kwenye tiba za beta-globini: introni hawakuweza kuitoa maana bila ile ya pili globini haitoki ya kutosha, na kuiacha ielekee upande ule ule wa virusi hawakuweza, wakaigeuza. Tiba ya sikoseli iitwayo Lyfgenia iliyoruhusiwa Marekani Desemba 2023 imejengwa hivo hivo, na bei yake iliyotangazwa wakati huo ilikuwa dola milioni 3.1 kwa mgonjwa mmoja, ukipiga hesabu ya wagonjwa wa kanda ya ziwa peke yake utacheka kwa uchungu. Ukigeuza kaseti, kumbuka na polyA yako inageuka nayo kwa hiyo weka ya ndani, na taita, yaani wingi wa virusi unavyopata, inashuka kiasi, jiandae.

Na kama unachoingiza kwenye seli ni mRNA yenyewe iliyotengenezwa kwenye tyubu, kama zile chanjo za korona, basi achana na yote haya. Inaingia saitoplazimu moja kwa moja, fundi yuko kwenye kiini, introni ikiingia na hiyo mRNA itabaki humo humo ikiharibu ujumbe. Melissa Moore mwenyewe, yule wa EJC, 2016 alihamia Moderna kwenda kutengeneza mRNA ambazo hazijawahi kuona splaisosomu maishani mwao.

Ile jeni yangu, baada ya ile chotara kukaa kabla ya ATG na laini ya kudumu kukomaa, westeni ilibidi nipunguze muda wa kuipiga picha kutoka dakika 5 mpaka sekunde 20.